Mashine Iliyochukuliwa na Mkwe

Nairobi, 13 Julai 1999

Ndugu yangu Feisal,

Twaiba amekosa karatasi ya pili ya Kemia katika mtihani wa majaribio wa wilaya. Aliyenieleza ni Twaiba mwenyewe, jana asubuhi, kwa simu ya ofisi ya shule. Wewe, baba yake, hukuniambia kitu.

Baada ya hayo, assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Gazeti limenirudisha mjini baada ya wiki mbili za kuandika habari za ng'ombe walioibwa na mawaziri walioahidi kuwarudisha. Ng'ombe wawili wamerudi, kwa miguu yao. Msalimie mama Twaiba, na mkweo Mzee Shutu.

Mwezi wa Mei uliniandikia kwamba mtoto "huwa na uzito kidogo". Si uzito, ni maumivu ya hedhi. Siku ya kwanza hawezi kusimama wima, anatapika, na vidonge anavyopewa shuleni vinarudi pamoja na chai. Daktari alimpima mwezi wa Aprili, hakuona ugonjwa mwingine. Twaiba ametazama kalenda: akienda hivi anavyokwenda, siku zake zitamwangukia mwanzoni mwa Novemba, wiki ya Kemia ya mtihani wa mwisho. Anataka kusomea uuguzi. Chuo cha uuguzi kinataka Kemia.

Kwa hiyo leo nimetuma kifurushi kwa basi. Ndani mna kisanduku cha ukubwa wa sabuni, nyaya, vibandiko vinne vya mpira na betri ya mraba. Vibandiko vinawekwa chini ya kitovu au kiunoni, na kisanduku kinapitisha umeme mdogo unaotekenya mishipa ya fahamu. Aliyenipatia ni Bi Kaluki, mtaalamu wa viungo hapa Nairobi, ambaye huwapa wanawake wenye shida hiyo. Maneno yake niliyaandika: "Mishipa ikishughulika na mtekenyo, habari ya maumivu inafika kichwani imepungua. Haiponyi. Inapunguza, tena si kwa kila mtu, lakini kwa wengi." Karatasi yenye mchoro imo ndani.

Mpe Twaiba siku ya wazazi kutembelea bweni. Usimpe mtu mwingine.

Dada yako,
Chiku


Msambweni, 29 Julai 1999

Dada yangu mpendwa Chiku binti Suleiman,

Shikamoo. Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima wa afya, hatuna la kulalamikia ila mvua iliyobomoa jiko la nje na mbuzi aliyekula daftari za darasa la saba, nikalazimika kuwapa wote alama za wastani. Mama Twaiba akusalimu sana. Shemeji yako wa Ukunda amejaaliwa mtoto wa kiume. Watu wote wauliza utakuja lini, maana tangu matanga ya mama hujakanyaga hapa.

Kifurushi kimefika salama, na nakushukuru kwa moyo wako wa huruma. Ila kumetokea jambo dogo.

Kama ujuavyo, kifurushi cha kutoka Nairobi hakifunguliwi chumbani kama mali ya wizi. Nilikifungua barazani baada ya sala ya alasiri. Walikuwapo Mzee Shutu mkwe wangu, naibu wa chifu, na nahodha Karisa wa Funzi aliyekuja kuuliza habari za shule. Juu kabisa ilikuwa ile karatasi yenye mchoro. Dada, mchoro wenyewe ni wa mwanamke, na umechorwa bila kuficha! Nikaitia mfukoni mara moja. Mzee Shutu akauliza, "Mwalimu, ni nini hicho?" Sasa niambie, mbele ya baba wa mke wangu, mtu ambaye nikimwona njiani navua kofia, ningetaja jambo gani? Nikasema ni mashine ya mgongo.

Wallahi sikufikiri zaidi ya hapo. Naye mgongo wake wamuuma tangu mwaka wa juzi. Akasema, "Alhamdulillahi, Chiku hakunisahau." Akakitwaa, akaondoka nacho.

Nitakirudisha kwa njia ya busara. Twaiba hajambo, ile hali yake yaendelea vizuri.

Nduguyo,
Feisal Suleiman


Nairobi, 6 Agosti 1999

Feisal,

Mzee Shutu ana mashine ya mjukuu wake. Chanzo cha habari ni barua yako, kurasa tano, ambamo neno hedhi halimo hata mara moja.

Wa aleikum salaam. Hongera kwa shemeji. Pole kwa jiko. Mimi ni mzima.

Wewe ni mwalimu wa sayansi. Umewafundisha watoto wa darasa la nane kwa muda mrefu. Nimemuuliza Twaiba sura ya uzazi uliifundishaje alipokuwa darasani kwako. Amejibu: "Baba alisema sura hiyo tukaisome wenyewe nyumbani. Nyumbani akasema ni ya shuleni."

Nenda kwa mkweo. Mwambie: "Baba, nilikosea, kifaa ni cha Twaiba." Huna haja ya kusema zaidi. Na umpelekee ile karatasi uliyoificha, maana anavaa kitu bila maelezo. Bi Kaluki anasema kisiwekwe kichwani, kifuani wala mbele ya shingo, na asikitumie mtu aliyewekewa kifaa cha moyo.

Likizo ya Agosti imeanza na Twaiba yuko nyumbani. Utakuwa nacho kabla siku zake hazijafika.

Chiku


Msambweni, 28 Agosti 1999

Dada yangu Chiku,

Shikamoo, na salamu tele kutoka kwa jamaa wote. Barua yako ilichelewa posta. Nazi zimeshuka bei na mbuzi sasa amefungwa. Utakuja lini?

Nina habari njema na habari yenye uzito. Njema ni kwamba mashine imekuwa maarufu. Mzee Shutu alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa juzi, akalisema jambo hilo msikitini. Kesho yake baraza lilijaa. Wakwezi wa minazi wana viuno, nahodha Karisa ana bega kwa kubeba mabegi ya wageni, na naibu wa chifu ana goti. Ikabidi iundwe kamati. Mwenyekiti ni Mzee Shutu, na katibu wamenichagua mimi, kwa kauli moja. Sikuweza kukataa, ningeonekana nina siri.

Vibandiko viligoma kushika kwa sababu wazee hupakwa mafuta ya nazi kwanza, basi sasa vinafungwa kwa leso. Leso ni za mama Twaiba. Wiki iliyopita waya ulikatika, nikaupeleka Kona ya Musa kwa Ndolo, yule fundi redio Mkamba. Akanitazama. "Mwalimu, hii kitu inafanya kazi gani kwanza?" Nikamwambia mgongo. "Mgongo ya nani?" Nikamwambia mgongo wa watu wote. Akatia waya wa redio. Naibu wa chifu alipojaribu goti aliruka akapita meza, lakini alisema amepona, na hakurudi tena kwa goti. Sasa anakuja kwa kiwiko. Ndolo ilibidi aufunge waya upya.

Jumamosi diwani alikuja kuizindua. Nilimweleza kwa heshima kwamba imekuwa ikitumika mwezi mzima. Akasema haijazinduliwa. Alikata utepe uliofungwa kwenye kisanduku chenyewe, nusura akate na nyaya. Katika hotuba alisema hayo ndiyo maendeleo aliyoyaahidi.

Mama mmoja jirani aliomba zamu. Kamati iliketi, ikaamua kuwa migongo ya wanawake yatokana na kazi, na yaponywa kwa kupumzika.

Habari yenye uzito ni kwamba sijapata nafasi ya kumwambia mkwe. Twaiba hajambo. Alipumzika kidogo chumbani siku mbili tatu, sasa anasoma.

Nduguyo,
Feisal


Nairobi, 8 Septemba 1999

Feisal,

Siku Twaiba "alipopumzika kidogo", alikuwa sakafuni, magoti yamekutana na kidevu. Aliyeniambia ni mama yake, kwa simu ya duka la Ukunda. Anasema kamati yako ilikuwa inaketi barazani, dirisha moja kutoka alipolala. Mtoto alipolia, naibu wa chifu aliuliza ni nini. Wewe ukajibu malaria. Diwani akajitolea gari kumpeleka hospitali. Ukakataa gari kwa sababu ungelazimika kumweleza daktari mbele ya diwani. Hakuna hata moja la haya katika barua yako.

Salamu nimezipokea. Swali la lini nitakuja nimeliona.

Nimeandika habari za madaraja yaliyozinduliwa kabla ya kujengwa. Hii ni mara ya kwanza kukutana na mashine ya hedhi iliyozinduliwa kwa ajili ya wanaume. Naweza kuiandika gazetini. Nitataja wilaya, kamati na katibu wake. Sitaki, kwa sababu Twaiba angesomwa na shule nzima. Lakini naweza.

Kuna njia ya pili: nimwandikie Mzee Shutu mwenyewe. Yeye si mkwe wangu. Jibu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo naandika.

Chiku


Msambweni, 10 Oktoba 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mwisho wa mwezi ulipita nikiwa nimeketi na kalamu. Usiandike, hakuna haja tena. Mashine iko kwa Twaiba. Nakueleza kama ilivyotokea, maana nikikupunguzia utaulizia kwa mama yake.

Twaiba alikuja mapumziko ya katikati ya muhula Jumamosi, tarehe 2. Alikuta kamati imeketi. Mzee Shutu alikuwa kwenye kiti chake, mashine kiunoni, leso imefungwa juu yake. Mimi nilikuwa pembeni nikiandika mihtasari. Wewe wajua Twaiba na babu yake, wataniana tangu mtoto alipojifunza kusema. Mimi siwezi kupiga chafya mbele ya mzee yule, lakini wao hawana mpaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunikanda?"

"Sikandi wazee mimi. Nimekuja kukutazama, mume wangu. Naona zako hazikatiki."

"Zangu zipi?"

"Hedhi, babu. Hiyo uliyoivaa ni mashine ya hedhi. Shangazi aliileta kwa ajili yangu. Nikasikia umeivaa toka Julai huivui, nikasema masikini, mume wangu yake ni ya miezi mitatu mfululizo!"

Dada, kwanza walicheka wakidhani ni utani tu. Kisha wakamtazama Mzee Shutu, na Mzee Shutu akajitazama, na ile leso. Nahodha Karisa alisimama akasema anakwenda kuangalia chombo chake, ingawa chombo chake kilikuwa Funzi. Naibu wa chifu alikuwa ameivaa asubuhi hiyo hiyo. Akaanza kukohoa.

Mzee Shutu akanigeukia mimi. "Mwalimu, wajua hili?"

"Najua, baba."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kifurushi."

"Kwa hiyo mimi nimekaa hapa msimu mzima na vya wanawake kiunoni, diwani akanipigia makofi, kwa sababu wewe una adabu?"

Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari kwa hasira. Aliangua kicheko hadi vibandiko vikabanduka vyenyewe. Akafungua leso, akamkabidhi Twaiba kila kitu, akasema, "Chukua, mke wangu. Mimi zimekatika leo." Kisha akacheka tena peke yake, watu wote wameondoka.

Miezi mitatu natafuta njia ya busara! Mtoto angeweza kumwomba babu yake siku yoyote, na hakuna ambaye angeaibika. Wa kuaibika nilikuwa mimi peke yangu.

Kamati iliketi mara moja zaidi bila mwenyekiti, ikaandika kwamba mashine "imegunduliwa kuwa na matumizi mengine", ikaahirishwa. Diwani ametuma mtu kuuliza kama jina lake limo popote. Nimemjibu limo kwenye utepe.

Sasa jambo lenyewe. Siku za Twaiba zilianza usiku wa Jumapili. Nilimpa mama yake ile karatasi yenye mchoro, baada ya kuitazama kwanza mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu. Waliweka vibandiko chini ya kitovu. Nilikaa ukumbini. Mzee Shutu alikuja asubuhi, akasimama mlangoni pa chumba.

"Mke wangu, yakufaa?"

"Yatekenya, babu."

"Na maumivu?"

"Yapo. Kama nusu. Nimekula wali."

Hakutapika. Aliketi kitini akafanya hesabu za Kemia, mashine akiivua na kuivaa tena. Vibandiko vimekwisha gundi kwa mafuta ya wazee. Kama Bi Kaluki anavyo vipya, tafadhali.

Feisal


Nairobi, 18 Oktoba 1999

Ndugu yangu Feisal,

Shule haitaruhusu mashine chumbani mwa mtihani bila barua ya mzazi. Aliyesema ni mwalimu mkuu, Bi Mwelu, niliyempigia leo mchana. Msimamizi wa mtihani akikuta nyaya chini ya sare ya mtahiniwa, atadhani ni wizi wa majibu, na karatasi itafutwa. Bi Mwelu yuko tayari kuzungumza naye mapema, lakini anataka maandishi ya baba: kifaa ni nini, na kinatumika kwa ugonjwa gani.

Assalaam aleikum. Umeniandikia barua ambayo sikuhitaji kuihakikisha kwa mtu mwingine. Ni ya kwanza mwaka huu. Mimi ni mzima. Mkumbushe Mzee Shutu kuwa mgongo wake ni mgongo kweli. Bi Kaluki anasema mashine hiyo ingemfaa yeye pia, na kuna mazoezi ya kunyoosha kiuno. Ametuma maelezo kwa maandishi makubwa, pamoja na vibandiko vipya vya Twaiba. Ngozi ioshwe kwa sabuni kwanza, bila mafuta. Vimeondoka leo kwa basi. Vitakapofika, vifungulie chumbani.

Barua iwe kwa Bi Mwelu kabla ya mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Chiku


Msambweni, 27 Oktoba 1999

Dada yangu Chiku,

Msimamizi wa mtihani amekubali. Aliyenieleza ni Bi Mwelu, leo, ofisini kwake, akiwa na barua yangu mkononi. Ile ya tatu.

Shikamoo. Sote wazima. Vibandiko vimefika, navyo nilivifungulia chumbani, mlango umefungwa, na jirani akauliza kwa dirisha kama nimepokea kitu cha haramu.

Barua ya kwanza niliandika "maumivu ya mgongo". Bi Mwelu aliisoma tukiwa tumeketi, akairudisha mezani. Ni mama wa Kikamba, haongei kwa mzunguko. "Mwalimu, nina msichana wa miaka kumi na saba. Kila mwezi anabebwa na wenzake kutoka darasani. Wewe unaniletea mgongo?" Ya pili niliandika "maumivu ya maumbile". Akasema, "Maumbile ya nani? Msimamizi ni mtu wa sheria, ataniuliza." Akanipa karatasi na kalamu yake, akaenda kufundisha. Nilibaki ofisini na karani. Kipindi kizima kilipita. Karani alipoona jasho akanifungulia dirisha.

Niliandika: "Binti yangu Twaiba Feisal hupata maumivu makali ya hedhi. Kifaa hiki hutekenya mishipa ya fahamu na kupunguza maumivu hayo. Hakina sauti, hakina maandishi, hakipokei habari kutoka popote. Naomba aruhusiwe kukivaa." Nikatia sahihi, na chini yake nikaandika cheo changu, mwalimu wa sayansi. Bi Mwelu aliisoma mara moja tu, akapiga muhuri.

Wakati natoka siku hiyo, askari wa lango alinisimamisha apekue mfuko wangu, kama kawaida. Akatoa betri za mraba, mbili, nilizonunua Kona ya Musa.

"Za redio hizi, mwalimu?"

"Za binti yangu. Za maumivu ya hedhi."

Alizirudisha mfukoni mwangu mwenyewe, polepole, kama mayai. Kisha akaniuliza kama naweza kumwandikia zinapouzwa, kwa sababu ana mke.

Betri moja leo nimemwachia Twaiba. Ya pili nitakaa nayo langoni, ikihitajika Bi Mwelu ataifuata. Kemia ni Jumanne, tarehe 2 Novemba, saa mbili na nusu asubuhi. Nitakuwa pale toka saa moja.

Nduguyo,
Feisal